Mchongoano wa Boriti

Ijumaa iliyopita nilikaa benchi la nyuma kwenye kesha la vijana, Langas. Igizo lilihusu usafi wa moyo: kijana kajifunga mto tumboni, kavaa leso, anatembea kama bata. Kanisa lilipasuka. Nami nilicheka, sikatai. Kisha msichana aliyekaa mbele yangu akabeba mtoto wake akatoka nje, kwenye ile baridi ya Eldoret.

Sisemi utani hauna nafasi kanisani. Churchill Show ilituzoesha wachekeshaji wa kuiga mapasta, na Jumapili ikifika tulienda ibada kama kawaida. Yesu mwenyewe alikuwa na mchongoano: mtu ana boriti jichoni, halafu anajitolea kumtoa mwenzake kibanzi. Sisi wa mji wa Raiply tunajua mbao. Hebu mwone jamaa akigeuka na boriti yake, anaangusha viti vyote! Lakini anayechekwa hapo ni yule anayejiona msafi. Ni mimi wa benchi la nyuma.

Igizo la Langas lilimchagua msichana. Aliyempa mimba hakuwa hata na sentensi moja. Wakilirudia, nataka nimwone naye akiingia jukwaani, hata kama amekuja tu kudai mto wake.