Ugumu na Uonevu katika Mchezo wa Mapigano

Watu wazima wengi huidharau michezo ya video, wakiiona kuwa ni kupoteza wakati na fedha. Sisi hatukusudii kuitetea yote. Tunakusudia kuihakiki kama tuhakikivyo hadithi na tamthilia, maana vijana wetu wa Mtandire, jijini Lilongwe, na wenzao wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, huicheza, na humo hujifunza jambo fulani kuhusu kushindwa. Ni jambo gani?

Jioni moja tulikaa katika kibanda cha michezo hapo Mtandire. Kijana mmoja, Mkongo kwa asili, alikuwa akicheza Sekiro, mchezo wa kampuni ya FromSoftware ya Japani uliotolewa mwaka 2019. Alikuwa amekwisha kuuawa mara sita na mbabe aitwaye Genichiro. Alipouawa tena, aliweka pedi chini akasema, "Mwalimu, huyu ananipiga bila sababu."

Maneno hayo ndiyo msingi wa uhakiki wetu. Mchezo mgumu humpiga mchezaji kwa sababu anayoweza kuiona. Mchezo wa uonevu humpiga na kumficha sababu. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo. Katika bao, ambalo Wamalawi huliita bawo, mna mashimo 32 na kete 64, na mchezo wote huchezwa hadharani. Anayefungwa huweza kurudi nyuma kwa mawazo, akaona ni wapi alipoitumia vibaya nyumba yake. Asipoona, watazamaji watamwambia, tena bila kuombwa.

Kwa kipimo hicho, fani ya Sekiro yastahili sifa. Adui huonyesha dalili kabla ya kupiga, na pigo la hatari hutanguliwa na herufi nyekundu ya Kijapani ambayo hata asiyeijua lugha hiyo huielewa baada ya kuumia mara mbili. Tena yumo Hanbei, mtu asiyeweza kufa, ambaye hupigana na shujaa ili ajizoeze. Huyo ni mwalimu hasa. Dosari yake ni adhabu: shujaa afapo, mara nyingi hupoteza nusu ya fedha na nusu ya maarifa aliyokuwa akiyakusanya. Mwalimu gani humfutia mwanafunzi alama za jana kwa kosa la leo?

Tuulinganishe na Salaam, mchezo wa Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ambaye mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Humo hakuna upanga. Mchezaji huikimbia vita. Kwa mpango wa mtunzi wake, nguvu zikimwishia mkimbizi, mchezaji alikusudiwa kununua chakula, maji au dawa kwa fedha halisi, ili wakimbizi wa kweli wasaidiwe. Maudhui yake ni mazito kuliko ya Sekiro, na kwa mchezaji wa mbali mwenye fedha, ugumu huo ni somo. Lakini mtoto wa Dzaleka amekwisha kuujua ugumu usioondoka ila kwa fedha. Yeye ahitaji walau mahali pamoja ambapo jitihada yake yatosha kumwokoa.

Ndiyo maana hatukumwambia kijana yule aache. Tulimwambia acheze raundi moja bila kushambulia hata kidogo, akinge tu na kutazama. Aliuawa tena, lakini safari hii hakulalamika. "Nimeona," alisema. "Herufi nyekundu ni moja, mapigo ni mawili. Akifyeka miguu, niruke. Akichoma, nimwendee, nisirudi nyuma."

Hapo uonevu ulikuwa umegeuka kuwa ugumu, ingawa mbabe alikuwa bado yu hai. Tunathubutu kusema kwamba kazi ya mwalimu ni hiyo hiyo. Maelezo ya michezo hii yameandikwa kwa lugha ambazo vijana wengi hawazimudu, lakini sisi tunayo maneno: kukinga, kukwepa, kuvizia, kustahimili. Tuwape. Na tunaporudisha daftari lililojaa wino mwekundu, tujiulize kama mtoto ameonyeshwa sababu, au amepigwa tu.