Firigisi na Mwenye Kuila: Kiasi katika Methali ya Mamlaka

Katika masomo ya fasihi simulizi, kiasi hufundishwa mara nyingi kama tabia ya mtu binafsi. Mwanafunzi huorodhesha "Mtaka yote hukosa yote" na "Tamaa mbele, mauti nyuma", kisha huhitimisha kwamba methali zetu zinahimiza kiasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa hapa Lubumbashi, kuwa hitimisho hilo halitoshi.

Mfano wenyewe umo katika kitabu cha Johannes Fabian, Power and Performance (1990). Mwaka 1986, katika mlo wa kuku mjini Lubumbashi, Fabian alisikia kwa Kifaransa msemo unaohusu firigisi, yaani ile sehemu anayotengewa mkubwa: kwamba mamlaka huliwa mazima. Aliwauliza wachezaji wa kikundi cha Mufwankolo maana yake. Badala ya kumpa fasili moja, waliujadili msemo huo, wakautungia mchezo wa kuigiza bila kuandika mswada.

Kwa msomaji wa haraka, msemo huu ni kinyume cha kiasi. Ulisikika pia wakati ambapo nchi ilikuwa imetawaliwa na Mobutu tangu 1965, na angeendelea kuitawala hadi 1997. Ni rahisi basi kuuona kuwa kauli ya mtu mlafi anayejitetea.

Lakini tuitazame taswira yenyewe. Kwanza, firigisi ni ndogo, na kila kuku anayo moja tu. Anayeila hajala kuku mzima. Mapaja, mbavu na mabawa ni ya wengine. Pili, firigisi hutengwa na kupewa mtu, hainyakuliwi chunguni. Tatu, aliyekula kitu kizima hawezi kudai kwamba nusu ya lawama ni ya jirani yake. Katika lugha kadhaa za eneo hili, Kibemba ikiwa mojawapo, kutawazwa huitwa kula ufalme. Kiswahili nacho husema kula kiapo, na husema pia kula hongo. Kitenzi ni kimoja; kinachotofautisha hayo mawili ni nani alitoa chakula, na mbele ya nani kililiwa.

Kwa hiyo ukamilifu wa mamlaka na kiasi havipingani. Kiongozi apewe firigisi nzima, mradi asiguse paja. Kugawanya mamlaka vipande vipande ili kila mmoja apate tonge si kiasi. Mara nyingi ni njia ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayewajibika.

Hata hivyo, tusiutetee msemo huu kupita mpaka wake. Hausemi lolote juu ya paja, wala haumtaji aliyeitenga firigisi. Mpaka haumo katika maneno. Umo katika desturi ya mlo, ambapo wote huonana wakila. Mkubwa akila chumbani peke yake, maneno yale yale yanakuwa kibali cha kumaliza kuku mzima. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundisho ya kawaida: kiasi hakilindwi na moyo wa mlaji pekee, bali na macho ya walio naye mezani. Kumwambia mtawala "jizuie" bila kumrudisha mezani ni kumwachia yeye mwenyewe kisu na chungu.

Hilo linatudai jambo sisi walimu na wanafunzi. Tunapokusanya methali katika orodha, zimepangwa kwa herufi na kutengwa na tukio lake, tunaziondoa mezani. Ubora wa kitabu cha Fabian ni kwamba kimeuacha msemo pamoja na mlo wake, mabishano ya wachezaji, na Kiswahili cha Lubumbashi kama kilivyosemwa. Baadhi yetu tumezoea kukiona Kiswahili hicho kuwa si sanifu, hivyo hakifai kuhakikiwa. Kwa kufanya hivyo tumejinyima ushahidi ambao hakuna mwingine angeweza kuusoma vizuri kuliko sisi.

Mwanafunzi atakayekusanya methali ya kiasi siku zijazo na aandike, kando ya maneno, ni nani aliyekula, ni nani aliyegawa, na ni nani aliyekuwa akitazama.