Ngazi za Maadili na Lugha ya Kupimia: Tahakiki ya Kipimo cha Kohlberg kwa Kuwaangalia Vijana wa Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Nadharia ya ukuaji wa akili na maadili iliyoasisiwa na Jean Piaget na kuendelezwa na Lawrence Kohlberg imekuwa na nafasi kubwa katika mafunzo ya ualimu. Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alidai kwamba mtoto huanza kwa kuiona sheria kuwa amri ya wakubwa isiyogeuzwa, kisha polepole huja kuiona kuwa mapatano ya watu walio sawa. Kohlberg, katika tasnifu yake ya mwaka 1958 iliyotokana na mahojiano na wavulana wa Chicago, aliipanua hoja hiyo ikawa ngazi sita. Ngazi hizo huanzia kwenye hofu ya adhabu na kutafuta faida, hupitia kutaka sifa njema kwa jamaa na kuitii sheria, na huishia kwenye mapatano ya jamii na kanuni za haki zinazowahusu wanadamu wote.

Makala haya hayakusudii kuibomoa nadharia hiyo. Yanakusudia kuonyesha jambo moja ambalo wanasaikolojia wamelipitia kwa haraka, nalo ni kwamba kipimo cha Kohlberg ni matini. Ni hadithi inayosimuliwa na maswali yanayoulizwa, na majibu yake hufasiriwa. Kazi ya namna hiyo ni haki ya mtahakiki kuichunguza kama anavyochunguza matini nyingine yoyote.

2. Hadithi na Yaliyoachwa

Hadithi mashuhuri ya Kohlberg ni ya Heinz. Mkewe yu taabani, na dawa ya kumponya iko kwa mtu mmoja tu, ambaye anadai bei iliyo mara kumi ya gharama yake. Heinz anakopa, lakini anapata nusu tu ya fedha. Je, aibe?

Kifani, hii ni hadithi yenye wahusika wachache mno. Mke hana kaka wala baba. Heinz ana watu wa kumkopesha, lakini hatuambiwi ni nani kwake. Mwuza dawa naye hana mzee wa kumwita barazani. Mgogoro wote umebanwa baina ya mtu mmoja, mali na sheria. Huko Turkana mambo hayakupangwa hivyo. P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waturukana mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1955, alieleza jinsi mfugaji anavyozungukwa na jamaa, wakwe na marafiki wenye haki ya kumwomba mifugo naye kuwaomba. Kijana aliyelelewa katika utaratibu huo akiulizwa kuhusu Heinz, ana sababu nzuri ya kuuliza kwanza, “Jamaa za mke wako wapi?” Kwa mhojaji swali hilo ni kukwepa jibu. Kwa mtahakiki wa fasihi ni uhakiki halali wa hadithi yenyewe, kwa kuwa msikilizaji amegundua kwamba msimulizi amewaficha wahusika wanaohitajika.

3. Tatizo la Neno “Kufaa”

Uzito wa jambo hili umo zaidi katika lugha ya swali. Swali la Kohlberg linahusu wajibu. Mfasiri wa Kiswahili ana njia kadhaa mbele yake: “Je, inafaa aibe?”, “Je, yampasa aibe?”, “Je, ni haki aibe?” Njia ya kwanza ndiyo nyepesi zaidi katika mazungumzo, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Kufaa ni kuwa sawa, lakini pia ni kuleta faida, kama mtu anaposema kwamba mali yake imemfaa. Kijana akijibu, “Haimfai, atafungwa,” amelijibu swali sawasawa kwa maana moja ya neno aliloulizwa. Msahihishaji, akiufuata mwongozo wake, atamweka katika ngazi ya kwanza, ile ya hofu ya adhabu. Kilichopimwa hapo ni kitenzi alichochagua mfasiri. Dhamiri ya kijana haijaguswa.

Neno “haki” nalo lina mitego yake. Hubeba uadilifu, stahili ya mtu na ukweli wa jambo kwa pamoja. Mwenye kusema “ni haki yake” huenda anataja stahili ya mume, wala hatangazi kanuni ya wanadamu wote.

Kakuma huzidisha ugumu huo. Kambi iliyofunguliwa huko mwaka 1992, hasa kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, imekusanya wasemaji wa lugha nyingi. Makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa karibu nayo mwaka 2016 yameongeza mchanganyiko huo. Kiswahili cha mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo si kile cha mwanafunzi wa Lodwar aliyejifunza Kiswahili baada ya Kiturukana. Kwa Mkongo, “inafaa” mara nyingi huwa na nguvu ya sharti. Vijana wawili wanaweza kusikia sentensi moja na kujibu maswali mawili.

Si mara ya kwanza kwa umbo la swali kumwonea mhojiwa barani Afrika. Patricia Greenfield, katika utafiti wake miongoni mwa Wawolofu wa Senegali uliochapishwa mwaka 1966, aliona kwamba watoto wasiosoma walinyamaza walipoulizwa kwa nini wanafikiri jambo ni kweli, lakini walijibu bila shida walipoulizwa kwa nini jambo lenyewe ni kweli. Kama angeishia kwenye swali la kwanza, angeandika kwamba watoto hao hawana sababu. Sababu walikuwa nazo. Kigeni kwao kilikuwa desturi ya kuyatenga mawazo ya mtu na jambo analoliwazia.

4. Ngazi, Hatua au Rika?

Hata istilahi kuu ya nadharia inadai uangalifu. “Ngazi” humfanya msomaji aone kupanda: aliye juu amemwacha wa chini, na wa chini amepungukiwa. “Hatua” ni safari, na mwenye kupiga hatua ya tano hakuidharau ya pili. Waturukana wana mpangilio mwingine kabisa. Wanaume wote wamo katika makundi mawili, Ngimor, yaani Mawe, na Ngirisae, yaani Chui, na mwana huwa daima wa kundi lisilo la baba yake. Utu uzima huthibitishwa kwa sherehe ya asapan, mbele ya watu. Kwa utaratibu huo mtu hukomaa kwa kupokewa na wengine, wala si kwa kuwapita.

Tofauti hii si ya mapambo. Sara Harkness, Carolyn Edwards na Charles Super walichapisha mwaka 1981 uchunguzi wao kwa Wakipsigis, ambamo hata wazee walioaminiwa kuamua mashauri hawakufika ngazi za juu za kipimo. Mzee anayetaka watu wapatane husomwa kuwa mtu anayetafuta kupendeza jamaa. Lakini kupatanisha ndiyo kazi aliyopewa, nayo hudai kupima madai ya pande zote, jambo ambalo kipimo chenyewe hulisifu kikilikuta katika lugha ya falsafa. John Snarey, alipopitia mwaka 1985 tafiti 45 kutoka nchi 27, alikiri kwamba hoja zinazojengwa juu ya jumuiya huelekea kupotea katika usahihishaji. Carol Gilligan alikuwa ametoa lalamiko la jamii hiyo mwaka 1982 kwa upande wa wanawake.

5. Yanayostahili Kuhifadhiwa

Hata hivyo, si haki kuitupa nadharia. Kohlberg alimwuliza kijana sababu, akakataa kumhesabia utiifu peke yake kuwa maadili. Hilo ni jambo kubwa katika shule ambazo mara nyingi husifu ukimya. Aidha, mwenye kusema kwamba vijana wa Turkana wasipimwe kwa kuwa wana “mila zao” anawatusi kwa njia nyingine, kwani anawanyima uwezo wa kuzihoji mila hizo. Mpaka wa haki upo Kakuma kila siku, pale mwenyeji na mgeni wanapogombania kuni, maji na malisho. Kijana anayeamua kwamba mgeni naye ana stahili ya maji amevuka mipaka ya ukoo, hata kama hakutamka neno “kanuni.” Mwongozo uwe na mahali pa kuliandika jibu lake.

6. Hitimisho

Wahenga wamenena: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Kipimo cha maadili hakina budi kupima kunena, kwa sababu hakina njia nyingine. Ndiyo maana kinapaswa kunena vizuri. Mtafiti anayekwenda Lodwar au Kakuma yampasa kwanza ajaribu vitenzi vyake vyote vya wajibu kwa wasemaji wa kila lahaja, atunge kisa chenye wahusika wa mahali hapo, na aandike maswali ya mhojiwa pamoja na majibu yake. Kazi hiyo ni ya idara za lugha kama ilivyo ya idara za saikolojia. Wasipoifanya, mtaala utaandikwa kwa kudhani kwamba kijana wa miaka kumi na sita aliyevuka mpaka peke yake, akamlea mdogo wake, bado yu katika ngazi ya mtoto anayeogopa fimbo.