Wachumba Wanaorudi Wageni

Katika michezo ya kompyuta iko aina moja ambayo kwa kweli ni hadithi, ila msomaji wake ndiye atendaye mambo. Mmojawapo ni Mass Effect, uliotungwa na kampuni ya BioWare ya mji wa Edmonton, nchi ya Kanada. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2007, ya pili 2010, ya tatu 2012. Mchezaji huwa Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke kama apendavyo, naye aweza kupendana na mmoja wa wenziwe chomboni. Na chaguo lake huhifadhiwa, likachukuliwa mpaka sehemu inayofuata. Ahadi hiyo iliwavuta watu wengi, na hapo ndipo yalipozuka manung'uniko.

Katika sehemu ya pili Shepard afa, kisha afufuliwa baada ya miaka miwili na watu wa Cerberus, ambao kwanza walikuwa adui zake. Huko Horizon akutana na mpenziwe wa awali, Ashley au Kaidan. Wakumbatiana, mara yaja maneno makali, mpenzi akataa kufuatana naye, aenda zake, na baadaye yaja barua tu. Wachezaji wengi walikasirika. Sisi twaona kwamba hasira ya Ashley ina haki: mtu uliyemlilia miaka miwili akitokea mbele yako akiwa upande wa adui, utamwuliza nini ila hilo? Kosa si ugomvi. Kosa ni kwamba Shepard hakupewa maneno ya kutosha ya kujieleza, wala nafasi ya kumfuata mwenziwe wakapatana. Kweli picha ya mpenzi yakaa mezani chumbani mwake, lakini picha haijibu.

Habari ya Jacob Taylor ni nyingine, na hapa hatuna la kuwatetea watungaji. Mwanamke aliyempenda Jacob katika sehemu ya pili amkuta katika ya tatu anaye mwingine, Daktari Brynn Cole, naye ni mja mzito. Asiyekuwapo na lake halipo, wasema wazee. Lakini hiyo ilikuwa kama miezi sita tu! Hata mchezaji awe mwaminifu namna gani, hawezi kulizuia.

Watu husema watungaji walibanwa, na ni kweli. Mwishoni mwa sehemu ya pili karibu kila mwenzi aweza kufa, kwa kadiri mchezaji alivyojitayarisha. Basi nani atajenga nyumba juu ya nguzo ambayo labda haipo? Ndiyo sababu Miranda na Jack walipewa nafasi ndogo katika sehemu ya tatu, na Liara, asiyeweza kufa katika zile mbili za kwanza, akapewa kubwa. Hayo yaeleza ufupi. Hayaelezi usaliti wa Jacob, maana kumwandikia uaminifu kungalitaka maneno machache yale yale.

Mwezi wa Machi 2013 ilitoka nyongeza iitwayo Citadel, iliyouzwa mbali, ikawakusanya wenzi wa zamani karamuni, na wapenzi wengi wakapewa saa ya faragha na Shepard. Waliokuwa wameudhika wakafurahi sana. Ikiwa maneno hayo yaliwezekana kuandikwa mwaka mmoja baadaye, na kwa fedha nyingine, twauliza ni nini kilichozuia yasiandikwe tangu mwanzo.