Neno Moja, Mshororo Mzima

Mtunzi wa mashairi huhesabu mizani kwa vidole. Leo tuvitumie vidole hivyo kwa neno la Kiitaliano: precipitevolissimevolmente. Mtawa wa Kifransisko, Francesco Moneti wa mji wa Cortona, alilitumia katika shairi refu la kejeli la mwaka 1677, *Cortona convertita*. Maana yake ni kwa kuporomoka, tena kwa kasi isiyo na mfano.

Lina herufi 26. Tulikate taratibu: pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol-men-te. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, lakini za Waitaliano zaweza kufungwa na konsonanti. Ndiyo maana s mbili zimeachana: moja inafunga lis, nyingine inafungua si. L na m zimeachana vivyo hivyo, na n na t pia. P na r hazikuachana, kwa kuwa huweza kuanza silabi pamoja.

Mkazo nao una mambo yake. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Kwa Waitaliano huhamahama zaidi: càpitano ni hutokea, capitàno ni nahodha, capitanò ni aliongoza. Ila kielezi chenye -mente hakina ubishi, mkazo wake ni men.

Sasa hesabu. Men ni silabi ya 10. Mshororo aliotumia Dante, mshairi Mwitaliano, una kawaida ya mizani 11, na mkazo wake wa mwisho huangukia mizani ya 10. Neno moja limejaza mshororo mzima.

Lakini sarufi ingedai precipitevolissimamente. Hilo lina silabi 10, na mkazo kwenye ya 9: limepungua. Moneti akachomeka -evol- mara ya pili. Sarufi ikapinda, mizani ikatimia. Malenga wetu huita kurefusha neno hivyo mazida, na huwa hawamlaumu mtunzi akiifanya kwa ustadi.

Lisome kwa sauti, kila silabi na kidole chake. Ukifika men utakuwa umegusa kidole cha kumi, na hapo ndipo mkazo ulipo. Te itabaki bila kidole.