Mkono Ufuatao Mshipa

Miongoni mwa kazi za mkono zistahilizo taadhima iko moja ambayo watu aghalabu huepuka hata kuitaja, nayo ni ya fundi apasuaye maiti kwa ajili ya elimu ya mwili, hasa aingiapo puani kuzifuata ateri. Kwanza hutia utomvu wa mpira wenye rangi nyekundu katika mishipa ya shingo, akaungoja ugande. Kisha hupitisha msumeno kando kidogo ya ukuta ugawao pua, ili ukuta wenyewe usalie mzima. Ndipo huanza kuubandua utando kwa koleo ndogo, bila haraka, akielekea nyuma, hata ncha ya chombo chake ipapase kigongo chembamba cha mfupa. Hapo ajua amefika, kwa maana nyuma yake tu ndipo ichomozapo ateri ya sfenopalatini, iliyo tawi la mwisho la ateri ya taya.

Hiyo asili yake ni karotidi ya nje. Ateri mbili za ethmoidi, ambazo hushuka kutoka tundu la jicho na kulisha pia mapango ya mifupa yaliyo jirani, zatokana na karotidi ya ndani, ileile iendayo ubongoni. Mito hiyo miwili hukutana katika sehemu ya mbele ya ukuta ugawao pua, mahali palipoelezwa na Mmarekani James Little mwaka 1879, na baadaye na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach. Na damu nyingi za puani, za watoto hasa, hutokea hapo.

Mafundi hao wapasuao maiti ndio waliompa tabibu vipimo vyake: toka kigongo kilicho mbele ya kifuko cha machozi, milimita 24 hivi hadi ateri ya ethmoidi ya mbele, 12 zaidi hadi ya nyuma, kisha 6 tu hadi neva ya kuonea. Walakini (na hapa ndipo nionapo ustadi wao hasa) hawakuviamini vipimo hivyo kupita kiasi, bali walirudia kichwa baada ya kichwa, wakaona kwamba kwa mtu mmoja ateri ya mbele imefunikwa na mfupa, ilhali kwa mwingine yaning'inia wazi chini ya paa la pua, ambapo ikikatwa kwa ghafula huweza kurudi ndani ya tundu la jicho, ikavuja huko, na jicho likapofuka upesi asipotokea wa kulipunguza shinikizo lililomo humo.