Kumrudia Khalid: Je, Mchezo wa Zamani Uchezwe Baada ya Mwendelezo Wake?

Katika semina moja ya uhakiki muhula huu, mwanafunzi mwenzetu alitoa hoja iliyozua kelele. Alisema kwamba kazi ya sanaa ikishapata mwendelezo ulio bora kuliko yenyewe, basi ile ya kwanza imekufa. Anayeirudia ni mwanahistoria, si msomaji. Mwalimu akamtaka atoe mfano. Sote tulitazamia ataje riwaya, pengine Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, maana ndizo tulizokuwa nazo mezani. Yeye akataja mchezo wa kompyuta. "Mimi nimemaliza Baldur's Gate ya pili," akasema, "sasa ya kwanza niicheze ya nini? Nirudi darasa la kwanza?" Watu wakacheka, semina ikaishia hapo.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu kosa hilo la kuanzia mwisho nilishalifanya, na kisha nikarudi mwanzo. Makala haya ni jibu langu kwake. Najua wapo watakaouliza mchezo wa kompyuta umeingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi. Jibu fupi: una msuko, una wahusika, una mandhari, una dhamira, na Kiswahili chenyewe kiliiita tamthilia "mchezo wa kuigiza" kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Tuendelee.

Kwa wasioufahamu: Baldur's Gate ulitolewa mwishoni mwa mwaka 1998. Watunzi wake ni kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Wa pili, uitwao Shadows of Amn, ulifuata mwaka 2000. Mchezaji huvaa uhusika wa kijana yatima aliyelelewa na mzee Gorion huko Candlekeep, ngome ambayo kwa kweli ni maktaba; mgeni haingii mpaka atoe kitabu cha thamani. (Maktaba yetu ingeweka sharti hilo, sijui nani angepita mlangoni.) Usiku mmoja Gorion anamtorosha kijana. Njiani wanavamiwa na mtu aliyevaa deraya, mzee anauawa, na kijana anabaki porini na rafiki yake wa utotoni, Imoen. Hajui anawindwa kwa nini. Sehemu kubwa ya mchezo ni kulitafuta jibu la swali hilo, na jibu halipatikani mpaka sura ya 6, katika barua aliyoiacha marehemu: wewe ni mtoto wa Bhaal, mungu wa mauaji. Baadaye inabainika kwamba yule mwenye deraya, Sarevok, ni ndugu yako kwa baba.

Msomaji asinilaumu kwa kuitoboa siri. Mchezo wa pili unaitoboa mapema kuliko mimi, mwanzoni kabisa, kwa sauti ya msimulizi, kama jambo ambalo kila mtu mjini analijua. Na hapa ndipo hoja ya mwenzetu ina nguvu. Aliyeanza na wa pili amepokonywa taharuki ya wa kwanza. Nilipofika kwenye barua ya Gorion niliisoma kama mtu anayesoma barua ya posta iliyochelewa: habari zote nilikwisha kuzipata kwa njia nyingine.

Lakini taharuki ndiyo nini, jamani? Tunapofundishwa Utendi wa Fumo Liyongo, nani kati yetu hajui kwamba shujaa yule atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe? Waliousikiliza utendi huo Lamu na Pate walijua pia, na waliusikiliza tena. Walichokingoja ni kumwona kijana akiikaribia ile sindano hatua kwa hatua, nao hawana uwezo wa kumzuia. Basi nikajiuliza: kama siri imekwisha kutoka, mchezo wa kwanza umebakiwa na nini cha kunionyesha hatua kwa hatua?

Kabla sijajibu, nikiri mabaya yake, maana sitaki kuimba wimbo wa ya kale dhahabu. Kwa upande wa wahusika, mchezo wa kwanza umezidiwa vibaya. Una wenzi 25 unaoweza kusafiri nao, na wengi wao, ukishawachukua, hunyamaza karibu safari nzima; hurudia vijineno vitatu vinne unapowaamuru. Ni wahusika bapa hasa. Mchezo wa pili una wenzi wachache zaidi, lakini wanagombana, wanakukatiza njiani, wana mambo yao ya nyumbani yanayowasumbua. Tena misitu ya mchezo wa kwanza ni mikubwa na mingi haina kitu. Unatembea, unatembea, unakuta dubu. Na ndani ya migodi, watu wako sita wakipita kwenye njia nyembamba hukwamana kama abiria mlangoni pa daladala. Nilikaribia kuacha mara mbili.

Kilichonizuia ni udhaifu. Sina neno bora zaidi. Mhusika mpya katika mchezo wa pili huanza akiwa tayari na pointi 89,000 za uzoefu. Mchezo wa kwanza huanza na sifuri, na hizo 89,000 ndizo zilizokuwa kikomo chake kabla ya sehemu ya nyongeza ya mwaka 1999. Maana yake ni kwamba mwanzo wa ule ni mwisho wa huu. Nilikuwa nimezoea kupambana na majoka. Nikarudi, mchawi wangu akawa na uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautoa, hana lingine ila kurusha mawe na kuomba kulala. Mbwa mwitu mmoja alimuua nikiwa bado nasoma maelezo. Hapo nikaelewa kwamba yatima yule anayekimbia usiku, akiwa na nguo alizovaa tu, si mapambo ya msuko. Kanuni zenyewe za mchezo zinamfanya yatima. Mwenzetu anauita udhaifu huo darasa la kwanza. Mimi nauita dhamira.

Dhamira hiyo inakwenda sambamba na nyingine, ambayo nashangaa haisemwi zaidi. Tatizo la nchi ile ya Sword Coast mwanzoni si joka wala pepo. Ni chuma kuadimika. Katika migodi ya Nashkel kuna viumbe waliotumwa kuimwagia mawe ya chuma dawa inayoyafanya yawe mepesi kuvunjika, na mchezaji analiona tatizo hilo mkononi mwake: upanga wako wa kawaida unaweza kukatika vipande katikati ya mapigano. Ukiufuata uzi, unafika kwa wafanyabiashara waitwao Iron Throne, wanaosababisha uhaba ili baadaye wauze wao. Ulanguzi, kwa neno letu. Na nyuma ya walanguzi yupo Sarevok, anayetaka uhaba ule uzae vita kati ya Baldur's Gate na Amn, ili damu itakayomwagika imkalishe yeye kwenye kiti cha baba yake. Kutoka bei ya jembe hadi mauaji ya halaiki, kila hatua ina sababu yake. Mchezo wa pili, kwa uzuri wake wote, hauna kitu kama hicho. Huko mambo ni makubwa tangu mwanzo, na mkulima hapewi nafasi ya kulalamika.

Hayo yangetosha kuutetea mchezo wa kwanza hata kwa anayeanza nao. Swali letu lakini ni juu ya yule anayerudi. Kwake yeye kuna jambo la ziada, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Mchezo wa pili unaanzia gerezani chini ya ardhi, mahali pa mchawi Irenicus. Unamkuta Jaheira ndani ya kizimba, unamfungulia. Hatua chache mbele mnamkuta maiti, amekatwakatwa vibaya. Ni Khalid, mume wa Jaheira. Mwanamke anapiga kelele, anakukaripia, kisha mnaendelea, kwa kuwa lazima mtoke. Mimi niliyeanzia hapo nilikuwa simjui Khalid. Kwangu alikuwa maiti mwenye jina. Nilimsikitikia Jaheira kama unavyomsikitikia jirani mpya aliyefiwa na mtu ambaye hukuwahi kumwamkia. Tena mchezo huo, kama umevaa uhusika wa mwanamume na ukamjibu mama huyu kwa upole, hugeuza maongezi yenu polepole yakawa ya mapenzi. Nilimjibu kwa upole. Yakawa ya mapenzi. Kwa mila za kwetu eda haikuwa imekwisha, lakini nilijiambia kwamba marehemu ni marehemu.

Kisha nikacheza wa kwanza. Gorion, kabla hajafa, anakuagiza uende kwenye nyumba ya wageni iitwayo Friendly Arm ukawatafute rafiki zake wawili. Nikaingia. Mmoja ni Jaheira, mkali vilevile. Pembeni yake yupo mwanamume mpole mwenye kigugumizi, anakukaribisha kwa maneno yanayokwama mdomoni, anakupa pole kwa msiba wa mlezi wako. Ananipa pole mimi! Niliondoa mkono kwenye kipanya nikakaa kimya. Mchezaji wa mwaka 1998 alimwona Khalid akaona mpiganaji mwoga kidogo, maana akijeruhiwa huweza kutimua mbio. Mimi nilimwona mtu ninayejua maiti yake imelala wapi, na ambaye mjane wake nimekwisha kumbembeleza.

Wahakiki wanayo istilahi ya hali hii: kejeli ya kidrama, hadhira inapojua asilolijua mhusika. Tofauti ni kwamba katika tamthilia hadhira imekaa kwenye viti. Hapa mwenye kujua ndiye anayesafiri na asiyejua, anampa upanga, anamtuma mbele. Wapo wachezaji wanaomwacha Khalid auawe makusudi ili wabaki na mkewe, kwa kuwa wawili hao hawakubali kutenganishwa. Ukimfukuza mmoja, wote wanaondoka. Zamani ningesema ni mbinu tu. Sasa siwezi.

Imoen naye alibadilika. Mchezo wa pili unafichua kwamba yeye pia ni mtoto wa Bhaal. Katika wa kwanza sikuona dalili yoyote kwamba watunzi walikuwa wamelipanga hilo. Ni msichana mchekeshaji aliyekufuata, basi. Na bado, aliporudi nami Candlekeep, katika yale makaburi ambamo viumbe wanaojigeuza sura hukujia kwa uso wa Gorion mwenyewe, nilijikuta namwangalia yeye kuliko wao. Maana hiyo haimo kwenye mchezo wa kwanza, na haimo yote kwenye wa pili. Ilizaliwa katika mpangilio wangu mbaya wa kusoma. Mwenzetu aliyesema ya kwanza imekufa ataniambia maiti gani huzaa.

Kuna upande mmoja ninaokubaliana naye. Mwendelezo huu si msomaji mwaminifu. Unaweza kuhamisha mhusika wako kutoka mchezo wa kwanza, pointi zake zikaja naye, lakini wenzi uliowachagua hauwajali. Hata kama hukuwahi kusafiri na Khalid, hata kama ulikubali kazi ya kumuua Dynaheir, utaambiwa hawa ndio waliokuwa nawe, na hawa wawili ndio waliouawa mikononi mwa Irenicus. Mchezo wa pili umechagua historia moja ukazifuta nyingine. Hiyo ni sababu zaidi ya kurudi: huko nyuma zile nyingine bado zipo.

Ila anayerudi asiende na mizigo ya mbele. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2012, la kampuni ya Beamdog, linaleta katika mchezo wa kwanza aina za wahusika zilizoanzia kwenye wa pili, pamoja na wenzi wapya waliotungwa baadaye. Linafaa kwa kompyuta za leo na mimi nalitumia. Lakini wenzi hao wapya husema sana kuliko wa zamani, mpaka wa zamani wanaonekana mabubu, na ukimya wa Khalid, niliokuja kuupenda, unafunikwa. Niliwaacha hao wapya walipo. Nilichagua pia mhusika wa aina za zamani, nikakubali kufa kwa mbwa mwitu.

Swali hili sasa lina watu wengi zaidi, tangu Baldur's Gate III ya kampuni ya Larian itoke mwaka 2023. Hadithi yake inatokea zaidi ya miaka 100 baadaye, na Jaheira yumo, amezeeka, bado mkali. Wanaomjua kwa sura hiyo huuliza kama warudi nyuma. Asiye na subira na misitu mitupu asijilazimishe, hakuna mtihani. Anayeweza kuvumilia, aende moja kwa moja Friendly Arm akamwone bibi yule akiwa na mumewe.

Mimi nilimchukua Khalid mpaka mwisho. Nilimpa deraya bora kuliko yangu, na katika pambano la mwisho na Sarevok, ndani ya hekalu la Bhaal chini ya mji, alijeruhiwa akatimua mbio kama kawaida yake, akarudi, akapona. Sarevok akaanguka. Faili la mwisho bado limo kwenye kompyuta yangu. Mchezo wa pili uko tayari kulipokea, ni kubonyeza mara moja tu, na sijabonyeza.